KUNUNUA SHAMBA WAKATI WA VITA

Masomo: Yeremia 28, Yeremia 29:1-14, Yeremia 32:1-27, Waebrania 11:13, 1 Petro 1:3



Liko ulizo moja ambalo kila mchungaji wa nchi yetu amelisikia. Analisikia mlangoni mwa kanisa, analisikia kitandani mwa mgonjwa, analisikia kwenye matanga. Ulizo hilo ni hili: Mpaka lini? Wazee wetu waliliuliza wakati wa uporaji wa mwaka 1991 na ule wa 1993. Wakaliuliza tena katika vita ya 1996, na katika vita ya 1998. Watu wa Goma waliliuliza siku ile Nyiragongo iliposhusha moto mpaka katikati ya mji, tarehe 17 Januari 2002, na tena ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Mwezi wa Januari 2025 vita iliingia Goma, na mwezi wa Februari ikafika Bukavu. Benki zilifunga milango. Watu waliokuwa katika kambi kandokando ya mji wa Goma wakatawanyika, na wengi wao walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu mbele ya hapo. Mama anayebeba godoro kichwani na mtoto mgongoni, naye anauliza: Bwana, mpaka lini?

Wapendwa, kuuliza hivyo si zambi. Zaburi zimejaa ulizo hilo. Lakini tangu zamani yako majibu mawili mabaya. La kwanza ni kukata tamaa: mtu anasema hakuna kitu tena, anaketi, anangoja kufa. La pili ni kukimbilia mtu anayetoa tarehe: mwezi ujao mtarudi, mwaka huu umaskini umekwisha, toa sadaka fulani na mambo yatabadilika mbele ya siku saba. Leo tutaona katika Neno la Mungu jibu la tatu. Tutaliona kwa nabii Yeremia, na tutaliona katika historia ya nchi yetu wenyewe.

I. NABII ALIYENUNUA SHAMBA AKIWA KIFUNGONI

Fungueni Yeremia sura ya 32. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umezungukwa na majeshi ya Babeli. Mfalme alikuwa Sedekia, mwaka wa kumi wa utawala wake. Ndani ya mji chakula kinapungua. Nje ya mji adui anajenga vilima vya kupandia ukuta. Na Yeremia yuko wapi? Yuko kifungoni, katika uwanda wa walinzi, nyumbani mwa mfalme. Alifungwa juu ya kusema kweli.

Hapo anakuja ndugu yake Hanameli, mwana wa baba yake mdogo au mkubwa. Anamwambia anunue shamba lake lililoko Anathothi, kwa maana haki ya kulikomboa ni yake. Fikirini neno hili vizuri. Anathothi ulikuwa mji mdogo wa nje, karibu na Yerusalemu, na nchi ile yote sasa iko chini ya miguu ya askari wa Babeli. Ni nani anayenunua shamba mahali ambapo jeshi la adui linapita? Kwa hesabu ya biashara, shamba lile halina bei tena. Wakati wa vita watu wanauza, hawanunui. Nasi tunajua. Tumeona watu wakiuza mabati ya nyumba kwa bei ya bure, wakiuza mbuzi, wakiuza cherehani, ili wapate nauli tu.

Lakini Yeremia alijua kwamba neno lile limetoka kwa Bwana. Akapima shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaitia mhuri, akaita mashahidi, akapima fedha mizanini mbele yao. Kisha akampa Baruku zile hati mbili, ile yenye mhuri na ile iliyo wazi, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sababu yake? Mungu alikuwa amesema kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Wapendwa, hilo ndilo tumaini. Tumaini la Biblia si kusikia vizuri moyoni. Yeremia hakusema tu kwamba mambo yatakuwa mema, alilipa. Alitia fedha yake mahali ambapo Mungu alitia neno lake. Mtu anayesema ana tumaini, lakini mikono yake haifanyi kitu kwa ajili ya siku inayokuja, huyo bado hajaanza.

II. MAOMBI YA MTU ASIYEELEWA

Someni tena kuanzia aya ya 16. Wako wanaofikiri kwamba nabii haulizi, kwamba mtu wa imani hana mashaka. Angalieni. Baada ya kumpa Baruku zile hati, Yeremia anaanza kuomba. Anamsifu Mungu aliyeumba mbingu na nchi. Anakumbuka kutoka Misri. Na mwisho anamwonyesha Mungu jambo linalomsumbua: tazama vilima vya adui, tazama upanga na njaa na tauni, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe unaniambia ninunue shamba kwa fedha na kuita mashahidi!

Mnaona utaratibu? Kwanza alitii, kisha akauliza. Hakungoja kuelewa ndipo atie mhuri. Na Mungu hakumkasirikia. Alimjibu kwa kumwuliza yeye: mimi ni Bwana wa wote wenye mwili, je, kuna neno lililo gumu kwangu?

Basi, wewe uliye na maulizo, usiogope kuyapeleka katika maombi. Mama uliyepoteza mtoto, baba uliyefungiwa kazi, kijana uliyemaliza masomo na diploma yako imekaa sandukuni miaka mingi, mwambie Mungu yote. Lakini usiache utii kwa sababu ya ulizo. Omba ukilia, lakini omba ukiwa umekwisha kuandika hati.

III. HANANIA NA MIAKA YAKE MIWILI

Katika siku za Yeremia alikuwako nabii mwingine, jina lake Hanania. Habari zake ziko katika sura ya 28. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni, alama ya utumwa wa Babeli. Hanania akaja hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba kwa muda wa miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa na watu waliohamishwa watarudi. Kisha akaitoa ile nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja.

Lilikuwa neno tamu. Hata Yeremia alijibu Amina, Bwana na afanye hivyo, kwa maana naye alipenda watu wake warudi. Lakini Bwana hakumtuma Hanania. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa, na miaka ile miwili ikapita, na watu hawakurudi.

Yeremia yeye aliandika barua kwa waliohamishwa, na barua hiyo mnaisoma katika sura ya 29. Hakuwaambia miaka miwili. Aliwaambia miaka sabini. Kwa mtu mzima aliyesikia barua ile, maana yake ilikuwa: utakufa mbali na kwenu. Ni neno gumu sana. Lakini pamoja na neno lile gumu aliwapa kazi: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wazae watoto, wautakie amani mji ule waliohamishiwa na kuuombea kwa Bwana.

Sasa, wapendwa, tuseme wazi. Hanania hajakwisha. Yuko katika miji yetu, ana kipaza sauti, ana mabango barabarani. Utamtambuaje? Mtume Yohana alituagiza kuzijaribu roho. Mpime kwa jambo hili: Hanania anakupa tarehe, wala hakupi kazi. Anakuambia ngoja, toa, shangilia. Anakutoa nira kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anachukua ile minervali ya mtoto wako. Na tarehe ikipita, anakuambia kosa lilikuwa lako, imani yako ilikuwa ndogo. Watu wengi wameacha kanisa juu ya tumaini la namna hiyo. Hawakumwacha Mungu, walichoka na Hanania, wakadhani Mungu na Hanania ni mmoja.

Tumaini la kweli linaweza kusema miaka sabini bila kutetemeka. Linamwambia mtu kweli yote ya taabu yake, na kisha linampa mbegu mkononi.

IV. GEREZA LA ELISABETHVILLE

Mambo haya si ya Wayahudi peke yao. Mungu alituandikia pia sisi ukurasa katika nchi yetu.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi ya kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu walikuja Nkamba kutoka pande zote, wakiacha mashamba na kazi za wazungu. Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Kazi yake ya wazi ilidumu miezi isiyotimia sita. Hesabuni: miezi sita!

Hakuita watu washike silaha. Mbele ya baraza la kijeshi huko Thysville, ambayo leo inaitwa Mbanza-Ngungu, mwezi wa Oktoba 1921, alihukumiwa viboko 120 na kisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ile ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo akapelekwa ng'ambo nyingine ya nchi, kilomita zaidi ya 1500 kutoka kwao, katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mtu wa Kikongo aliletwa huku kwetu, katika nchi ya Kiswahili, ili sauti yake isisikiwe tena na watu wake.

Alikaa gerezani miaka 30. Tarehe 12 Oktoba 1951 alikufa, bado mfungwa.

Je, Hanania angesema nini juu ya maisha hayo? Angesema yamepotea. Lakini tazameni ile hati iliyokuwa katika chombo cha udongo. Huko Nkamba alibaki Mama Muilu Marie na watoto watatu. Kisolokele alizaliwa 1914, Dialungana 1916, Diangienda 1918. Maana yake, baba alipochukuliwa, mdogo alikuwa wa miaka mitatu tu. Mama Muilu aliilinda imani ile kwa siri, huku mikutano ikikatazwa. Waumini wengi walihamishwa kwa nguvu kupelekwa katika majimbo mengine. Serikali ilidhani inazima moto, kumbe inatawanya makaa. Mahali walipofukuziwa, huko huko walisali, huko huko wakafundisha watoto wao. Mbegu ilipandwa kwa mkono wa yule aliyetaka kuing'oa.

Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya Wabelgiji ililitambua kanisa lile kwa sheria. Simon Kimbangu hakuona siku hiyo; alikuwa amekwisha kulala miaka nane. Mama Muilu naye hakuiona. Alikufa tarehe 27 Aprili mwaka ule ule wa 1959, miezi minane tu mbele. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulitolewa Lubumbashi ukarudishwa Nkamba. Na mwaka 1969 Baraza la Makanisa la Ulimwengu lililipokea kanisa hilo lililoanzia katika kijiji kile na kukomaa gerezani.

Hata Yeremia, Biblia haituambii kwamba alilima shamba la Anathothi. Inatuambia alichukuliwa kupelekwa Misri. Alilipa shekeli 17 kwa shamba ambalo wengine walivuna. Waebrania sura ya 11 inasema juu ya watu wa namna hiyo: walikufa katika imani, hawakuzipokea zile ahadi, bali waliziona kwa mbali wakazishangilia.

Hapa ndipo ulizo letu, Mpaka lini, linapata jibu. Mungu hakutuambia tutaona mwisho wa vita kwa macho yetu. Pengine tutauona, nasi tunaomba hivyo kila siku. Lakini tumaini letu halisimami juu ya kuona kwetu. Linasimama juu ya neno lake.

V. MHURI WA KABURI

Mtu atauliza: tunajuaje kwamba neno lake litasimama? Tunajua kwa sababu ya Yesu Kristo. Hati ya Yeremia ilitiwa mhuri, ikafichwa katika udongo. Bwana wetu naye aliwekwa kaburini, na Mathayo 27:66 inasema wakalitia lile jiwe mhuri na kuweka walinzi. Adui alidhani mambo yamekwisha. Siku ya tatu mhuri ule haukuwa kitu. Ndiyo maana Mtume Petro anasema tumezaliwa mara ya pili kwa tumaini lililo hai, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu. Tumaini letu si kwamba magumu ni madogo. Msalaba haukuwa mdogo. Tumaini letu ni kwamba yule aliyepita kaburini yuko hai, na nchi yote ni yake, hata ile ambayo leo inakanyagwa na buti.

VI. SHAMBA LAKO NI LIPI?

Basi kila mmoja ajiulize: leo Bwana ananiambia ninunue shamba gani?

Kwako mzazi, shamba ni mtoto. Usiseme tutamwandika shule vita ikiisha. Vita ikikawia, je? Kama shule imefungwa, mfundishe kusoma chini ya mti kwa Biblia yako. Kanisa lenye mwalimu mmoja na ubao mmoja limekwisha kununua shamba.

Kwako uliyekimbia kwenu, fanya kama Baruku. Chukua hati ya shamba, cheti cha ubatizo, diploma ya Leta, karatasi za kuzaliwa za watoto, zifunge vizuri katika plastiki, uziweke mahali pa salama, na umwonyeshe mtoto mkubwa mahali hapo. Hilo nalo ni ungamo la imani. Na pale unapokaa sasa, hata kama ni pa kukopa, panda lengalenga mlangoni. Uombee amani mji uliokupokea, wala usiseme vibaya juu ya wenyeji wake.

Kwako uliyepokea wakimbizi nyumbani mwako, bukari iliyokuwa ya watu saba inaliwa na watu kumi na tano. Twajua uchovu wako. Ile sahani unayoikata mara mbili ndiyo shekeli zako 17. Mungu ameona mizani yako.

Kwako kijana, wako wanaokuita mwituni kushika bunduki, wanakuambia hapo ndipo pana maisha. Bunduki haijapanda mahindi hata siku moja. Jifunze kazi ya mikono: ufundi wa mbao, kushona, kutengeneza pikipiki. Siku ya amani nchi itatafuta mafundi, nayo ikukute tayari.

Kwako uliyetendewa mabaya na jirani wa kabila lingine, shamba lako ni gumu kuliko yote, na bei yake ni kubwa. Kusamehe si kusema ubaya ulikuwa mwema. Haki idaiwe mbele ya sheria. Lakini usimfundishe mtoto wako chuki. Ukimwachia chuki, umemwachia vita nyingine.

Kwetu sisi wachungaji na mashemasi, tusiwape watu tarehe ambazo Bwana hakutupa. Sanduku la wajane na yatima lifunguliwe mbele ya mashahidi, kama Yeremia alivyopima fedha mbele ya mashahidi. Ukweli katika hesabu ndogo unawasaidia watu kuamini ahadi kubwa.

Wapendwa, usiku wa nchi yetu umekuwa mrefu, wala hatutawadanganya kwamba ni mfupi. Lakini mfungwa wa Yerusalemu alinunua shamba, na mfungwa wa Elisabethville hakuiacha imani yake mpaka pumzi ya mwisho, na Mfungwa wa Golgota alifufuka. Tusiketi. Twende tukanunue.

Tuombe:

Ee Mungu Baba, Bwana wa wote wenye mwili, hakuna neno lililo gumu kwako. Uwakumbuke walio njiani bila makao, wafungwa, wajane, na watoto waliotengana na wazazi wao. Uwalinde na manabii wa uongo, uwalinde na kukata tamaa. Utupe mbegu mkononi na nguvu ya kuipanda. Na kama sisi hatutaona mavuno, uwape watoto wetu kuyaona, nao wakuite wewe mwaminifu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.